Mama Mdogo wa Kwenye Simu

Debrecen, Hungaria
22 Oktoba 2023

Dada Notburga, shikamoo.

Nimefika, nimeshakula, nimeshalala, nimeshalia, kwa hiyo sasa naweza kuandika. Tulikubaliana barua na mimi nimekubali, ingawa rafiki yangu Hilda ananicheka eti zama hizi hakuna tena mtu wa kulamba bahasha. Lakini ile siku niliyopiga kwenye kitochi chako, Luisa akalia mpaka akatapika, sitaki ijirudie. Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Anachojua ni kwamba sauti ya mama ipo na mama mwenyewe hayupo. Basi iwe barua kupitia sanduku la parokia, na mara mojamoja ukishuka Mbinga kwa Hilda, tuonane kwenye simu yake ya kioo, dakika chache tu.

Huku jina la ukoo ndilo linalotangulia. Nikiitwa darasani "Kinunda Devotha" najiona niko darasa la tatu hapo Maguu, nasubiri viboko. Baridi imeanza, mimi natetemeka, na wenyeji wananiambia hii bado si baridi. Nasoma mambo ya maji, maji ya maziwa na mito, na maabara yao, dada, ukiiona utavua viatu mlangoni. Unga wa mahindi nimeupata, wa njano. Ugali wake unafanana na keki iliyokosewa, lakini nakula.

Nilikuwa nalalamika kwamba hawa watu hawana shikamoo. Kumbe wanayo! Mlangoni kwa bweni letu anakaa bibi mmoja, anaitwa Ilona. Juzi akaingia mtoto akamwambia "chokolom." Nikauliza, nikaambiwa maana yake ni nakubusu mkono, watoto ndivyo wanavyowaamkia wakubwa. Sasa kila asubuhi namwamkia hivyo, naye anacheka sana, kwa sababu kumbe mtu wa umri wangu alishaacha kuisema zamani. Mfundishe Luisa, nitafurahi.

Dada, nina ombi moja. Tangu mama yetu alipofariki nikiwa na miaka mitano, wewe ndiye uliyenilea, mkono wako naujua. Chakula, nguo, ugonjwa, havinitii wasiwasi. Ninachokuomba ni asisahau mama yake ni nani. Miaka miwili ni mingi sana kwa mtu aliyeishi miwili na nusu.

Msalimie shemeji Joakim.

Mdogo wako,
Devotha

*

Maguu
10 Desemba 2023

Devo, marahaba.

Sianzi na "mimi mzima, hofu kwako," kwa sababu mimi si mzima, goti linaniuma tangu tuanze kupanda mahindi, na hofu kwako sina, wewe umelala kwenye nyumba yenye moto ukutani. Barua yako imefika. Katekista aliitangaza kanisani baada ya matangazo ya ndoa, watu wote wakageuka kuniangalia. Sasa Maguu nzima inajua nina mtu Hungaria, na nusu yao wanafikiri ni huko upande wa Malawi.

Mtoto wako hajambo, anakula kunishinda. Shemeji yako kamtengenezea kijembe cha kimo chake, anashinda nasi shambani. Katika yale mashimo yetu ya ngoro, tunayolimia mteremkoni, amejichagulia moja, lile la chini karibu na kijito, anasema ni lake. Ukikanyaga ukingo wake anakufokea kama mgambo. Nimempandia mahindi humo, ameyazunguka siku nzima akiyaambia yaote.

Chokolom nimemfundisha. Amemwamkia paroko hivyo, mbele ya watu. Paroko akadhani anaombwa chokoleti, akamwambia hana. Mtoto akanuna njia nzima kurudi nyumbani.

Sasa lile ombi lako. Unanijua, Devotha. Miaka kumi na minne niko na Joakim, sikujaliwa mtoto, na maneno ya watu nimeyala mpaka nimeshiba. Lakini siwezi kumwibia mdogo wangu. Mtoto ataniita mama mkubwa, kwa sababu ndivyo nilivyo, dada mkubwa wa mama yake. Na kila siku nitamwambia mama yake yuko wapi na amefuata nini huko. Hiyo ni ahadi. Soma kwa amani, vaa soksi mbili.

Dada yako,
Notburga

*

Debrecen
29 Desemba 2024

Dada, shikamoo.

Nimesubiri hasira ipungue ndipo niandike. Haikupungua, kwa hiyo naandika nayo.

Mwaka mzima huu tumeonana kwenye simu ya Hilda mara chache mno. Mara mvua, mara barabara imekatika, mara Hilda yuko zamu wodini. Sikulalamika, huko kwetu nakujua. Krismasi nilikaa kitandani tangu asubuhi, nimevaa kitenge, nimejisuka mwenyewe kwa kujitazama kwenye dirisha, nasubiri simu iite. Ikaita. Hilda akampa mtoto. Luisa wangu, anayekaribia miaka minne, akanitazama vizuri, akasema wazi kabisa, "Shikamoo, mama mdogo."

Mama mdogo! Mama mdogo ni mdogo wake mama. Sasa kama mimi ni mama mdogo, dada, mama ni nani? Hesabu hiyo haihitaji chuo. Umekaa na mwanangu, ukajiweka mahali pangu, mimi ukanisogeza pembeni nikawa mgeni wa kuleta pipi. Na ulikuwepo pale nyuma yake, nilikuona. Hukumsahihisha. Uliinama ukawa unafunga kamba ya kiatu chake.

Najua umelea. Najua ni mimi niliyeondoka, hakuna aliyenifukuza. Usiku nikirudi kutoka maabara nawaza hilo hilo njia nzima, kwamba nimeacha mtoto nikafuata chupa za maji. Lakini nilikuomba kitu kimoja tu, na ulisema ni ahadi. Uliniumiza, dada. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Devotha

*

Maguu
2 Februari 2025

Devotha,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ya safari hii ilikuwa ya mdomoni.

Barua nimeisoma nje ya ofisi ya parokia, sikuweza kungoja kufika nyumbani. Nikaisoma tena. Nikampa Joakim, naye akaisoma, akatoka akaenda kupasua kuni ambazo hatukuwa na shida nazo.

Unasema nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Ndiyo, nilifunga. Uso wangu ulibadilika, sikutaka uuone. Neno lile lilinishtua kama lilivyokushtua wewe. Sikumfundisha mimi, na wala sijui amelitoa wapi. Lakini hukuniuliza, umehukumu moja kwa moja. Mimi niliyekubeba mgongoni kwenye tope mpaka zahanati, niliyekuosha, niliyekusuka ukiwa unapiga mayowe, leo naitwa mwizi. Haya, asante.

Na kwa kuwa tumeanza kuulizana, na mimi nakuuliza. Huo udaktari ni kitu gani? Hilda kaniambia profesa wako anataka ubaki miaka mingine minne, usome mpaka uitwe daktari, na kwamba ulishaambiwa tangu Septemba. Hilda unamwambia, mimi unaniandikia habari za theluji! Luisa ananiuliza mama anarudi lini, nami namwambia mwezi wa saba, kumbe namdanganya mtoto wa watu bila kujua. Usinitafutie kosa mimi wakati wewe unahesabu miaka kimyakimya huko.

Nimekasirika, nimeandika, nimemaliza. Mahindi yanaendelea vizuri.

Notburga

*

Maguu
9 Februari 2025

Devo, mdogo wangu,

Ile barua ya kwanza imeshaondoka na gari la Mbinga, kuirudisha siwezi. Kama zitafika pamoja, anza na hii.

Hasira ziliposhuka nikafanya jambo ambalo wewe na mimi, watu wazima wote wawili, hatukulifanya. Nikamuuliza mwenyewe. Tulikuwa tunachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia, "Luisa, kwa nini Krismasi ulimwita mama yako mama mdogo?" Akanishangaa. Akasema, "Si wewe ndiye mama mkubwa? Na yule ndiye mama mdogo." Nikamuuliza, mdogo kwa nini? Akaacha maharage, akainua viganja vyote viwili, akavisogeza mpaka vikawa upana wa simu ya Hilda. "Si yuko hivi!"

Devotha, nilicheka mpaka maharage yakamwagika, halafu nikalia. Mtoto hakukutoa mahali pako. Yeye anajua ana mama wawili, mmoja mkubwa, anayelima, na mmoja mdogo, anayekaa ndani ya simu. Anadhani hicho ndicho kimo chako! Akaniuliza humo ndani unalala wapi, na simu ikizimwa unaona giza. Nikamwambia hapana, mama yako ni mtu mzima, ana miguu mirefu, akisimama hapa anafika juu. Hakuniamini. Nikachukua mkaa nikachora mstari kwenye ukuta wa sebuleni, pale kichwa chako kinapofika. Aliutazama muda mrefu. Akasema nimekosea, nimechora mrefu mno.

Kwa hiyo wewe umenionea, na mimi nimekufokea, tuko sawa. Ila lile swali la udaktari bado naliuliza, kwa upole sasa.

Dada yako,
Notburga

*

Debrecen
16 Machi 2025

Dada, shikamoo. Hii ya leo inatoka moyoni, nimepiga na goti.

Barua zako zilifika siku moja. Nikaanza na ile ya hasira, kwa sababu niliistahili. Ya pili niliisoma kwenye ngazi za bweni, nikacheka na kulia pamoja, mpaka bibi Ilona akaja kuniuliza nani kafariki. Nikamwonyesha kwa viganja, hivi, nikamwambia mwanangu anadhani mimi ni wa hivi. Hajui Kiingereza, na Kihungaria changu ni cha sokoni, lakini alielewa. Alinishika mkono.

Nisamehe, dada. Nilikuhukumu kwa sababu nilikuwa nimeshajihukumu mwenyewe, nikatafuta wa kugawana naye.

Kuhusu udaktari, ni kweli. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa jibu. Ukisema rudi, nitakununia. Ukisema baki, nitajichukia. Na ukweli mwingine sikuwahi kuuandika popote: nautaka. Kule Lundo, kabla ya kuja huku, nilikuwa mwalimu wa kemia wa shule isiyo na maabara. Nilichora chupa ubaoni, watoto wakachora chupa daftarini, mtihani ukija wanaulizwa rangi ya kitu ambacho hawajakiona. Huku chupa nimeishika. Nimejua kwamba naweza, na nikiwa ndani ya ile maabara nasahau hata njaa. Halafu natoka nje nakumbuka nina mtoto anayejiuliza kama naona giza simu ikizimwa.

Wanataka jibu kabla Mei haijaisha. Nishauri, dada. Utakachosema ndicho nitakachofanya, naahidi.

Mdogo wako,
Devotha

*

Maguu
10 Aprili 2025

Devo, marahaba.

Usiniulize mimi.

Wewe ukibaki, Luisa anabaki kwangu miaka mingine minne. Ataanza shule akitokea mlango huu. Atapokea Komunyo ya kwanza na gauni nitakalomshonea mimi. Sasa nikikuandikia "baki, mdogo wangu, soma," utajuaje kama nakushauri wewe au najipendelea? Hata mimi mwenyewe sijui. Juzi nilishika kalamu niandike maneno hayo hayo. Mkono ulikuwa mwepesi mno, nikauogopa, nikaenda kulala.

Kwa hiyo ushauri sina. Uamuzi ni wako, na ukibaki sitakulaumu, na ukirudi sitakulaumu. Nakupa habari tu. Amepanda maharage kwenye ngoro yake, na yameota vizuri kuliko yangu. Jino moja limelegea alipoanguka, anakataa lisiguswe. Na asubuhi, kabla hajanawa uso, anakwenda kusimama chini ya ule mstari wa mkaa, anaangalia juu.

Joakim anakusalimu. Anasema chochote utakachoamua, kahawa itachumwa tu.

Notburga

*

Debrecen
18 Mei 2025

Dada, shikamoo.

Nimemwambia profesa hapana. Akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia sina. Akanipa mkono, akasema nimefanya kazi nzuri. Nimetoka pale nikapanda tramu ya kwanza iliyokuja, ikanipeleka upande nisiokuwa na shughuli nao, nikalia mpaka kituo cha mwisho. Watu wa huku wana adabu, wote walitazama nje.

Usidhani sijuti. Najuta, na huenda nitajuta tena nikishika chaki. Lakini ule mstari wako wa mkaa umenishinda. Nikifunga macho namwona amesimama chini yake.

Nakuja Julai. Usimwambie tarehe, mwambie kahawa zikianza kuchumwa.

Devotha

*

Lundo, Nyasa
21 Septemba 2025

Dada, shikamoo. Shemeji naye shikamoo.

Ajabu, sasa ni mimi tena ninayeandika barua, na safari hii katikati yetu hakuna bahari wala ndege, ni mlima tu. Shuleni wamenipokea vizuri. Maabara bado ni chumba chenye meza na popo.

Bado nacheka nikikumbuka stendi ya Mbinga. Luisa alivyonitazama siku niliyofika, kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka kichwani, halafu akakugeukia wewe na kusema, "Kumbe mkubwa!" Stendi nzima ilicheka. Wewe pia ulicheka, lakini nilikuona ulivyomshika mkono kwa nguvu.

Nikwambie na mengine. Anakula, dagaa wa usipa anawapenda, samaki wa mbasa anaogopa miiba yake. Mchana anacheza na watoto wa jirani, Kinyasa kimeanza kumwingia. Shida ni jioni. Akishaoga anasimama mlangoni anatazama milima ya kwenu. Mimi haniiti jina lolote. Ananiita "wewe." Wewe, nipe maji. Wewe, kiatu kimefunguka. Simlazimishi, ila nasikia kila mara.

Juzi nilikuwa nafua ziwani, yeye anacheza pembeni. Wimbi likamwangusha. Akapiga kelele, "Mama!" Dada, nilitupa nguo zote majini, nikamnyanyua, na moyo wangu ukaruka kwa furaha kabla hata sijaona kama ameumia. Nilidhani nimeitwa. Akanilalia begani akilia, "Mama..." akasita, kama mtu aliyekumbuka kitu, akamalizia, "mkubwa." Akarudia hivyo hivyo. Mama, halafu anasita, halafu mkubwa.

Nakuuliza, na sitakasirika, nakuapia. Alikuwa anakuitaje huko?

Mdogo wako,
Devotha

*

Maguu
12 Oktoba 2025

Devo wangu, marahaba.

Umeniuliza, nakujibu. Aliniita mama.

Alianza mapema, ile barua yako ya kwanza ikiwa ndiyo kwanza imefika. Nilikuwa nakoroga uji, akaja nyuma yangu akashika kanga, akasema "mama." Nikageuka nikamwambia, "Mkubwa. Mama mkubwa." Na tangu hapo ikawa hivyo. Akiamka, akisema mama, mimi nasema mkubwa. Akijikwaa, akisema mama, mimi nasema mkubwa. Hata alipokuwa na homa, anaweweseka, niliitikia vile vile, kama litania kanisani. Mpaka akazoea kumalizia mwenyewe. Ndipo kiakili chake kikaona kwamba kama kuna mkubwa lazima na mdogo yupo, na mdogo ni yule wa kwenye simu. Neno lililokuchoma Krismasi ile, Devotha, lilitoka kwenye ahadi yangu. Niliposhika ungo siku ile nikamsikia anaeleza, nililijua hilo. Sikukuandikia, kwa sababu ningelazimika kukuandikia pia kwamba kila nilipotamka "mkubwa" niliumia.

Nimelea watoto wawili. Wewe uliniita dada, yeye ananiita mama mkubwa. Ni majina yangu halali, sina ugomvi nayo.

Atakuita, usimharakishe. Siku akikuita, usiniandikie siku hiyo hiyo. Subiri kidogo ndipo uniandikie.

Nyumba imekuwa kimya. Joakim amekining'iniza kile kijembe juu ya mlango, akipita anakigusa. Alitaka kupaka chokaa sebuleni, nimekataa, ule mstari ubaki.

Shule zikifungwa Desemba mlete, tutakuwa tunapanda mahindi. Ngoro yake ipo wazi, nimekataza mtu yeyote asiiguse. Na kama wewe ulivyoniomba kitu kimoja siku zile, na mimi nakuomba kimoja. Akishuka kwenye gari akanikimbilia, akisahau akaniita lile neno fupi, wewe inama, ufunge kamba ya kiatu chako. Mimi safari hii sitamsahihisha.

Dada yako,
Notburga